Aliyeomba Kufelishwa

Niseme mapema kabla hamjaambiwa na wengine: kosa lilikuwa langu. Maeng Gi-tae ndiye aliyeandika, sikatai, lakini kalamu ilikuwa yangu, karatasi ilikuwa yangu, na maneno nilimtajia mimi nikiwa nimesimama pale kwenye sinki, mikono imejaa povu. Yeye mwenyewe hatawaambia hivyo. Ana adabu kupita kiasi, na adabu hiyo ndiyo iliyokaribia kummaliza.

Mimi naitwa Ok Bun-rye. Mwaka huu natimiza miaka thelathini na moja nikiweka wanafunzi nyumbani kwangu, nyuma ya geti la kitivo cha uhandisi hapa Jinju, kusini mwa Korea. Vyumba vinane, chakula asubuhi na jioni, na siku za mitihani mchana pia. Shule yangu iliishia darasa la sita, ila madaraja mangapi na mitambo mingapi nchi hii imesimamishiwa na watu walioshiba jikoni kwangu, sijui. Wengi. Na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na kipimo changu, nacho ni kijiko. Kijana akitoka mtihanini akala bakuli mbili za wali, huyo kafaulu. Akila moja, kapita kwa kubahatisha. Akichokora chokora na kuacha, kafeli, mwacheni apumzike. Nilikiamini kipimo hicho kuliko karatasi za maprofesa wao. Walikuwa wakija wenyewe kuniuliza, "Mama mdogo, leo nimekulaje?" Nami nawapa matokeo yao wiki mbili kabla ya chuo.

Gi-tae alikuja mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, kutoka kisiwa cha Namhae, kifua chembamba, masikio makubwa, ameinamisha kichwa kana kwamba mlango wangu ni mfupi. Baba yake, Mzee Maeng, analima vitunguu saumu na mpunga, na anatengeneza pawatila za kijiji kizima. Mtoto alikulia chini ya mashine hizo. Baridi ya kwanza aliyokaa kwangu, boila inayopasha sakafu ilikufa, na fundi akasema hadi Jumatatu. Gi-tae akashuka, akaikalia boila ile sikio limegusa bomba, akakaa hapo kama robo saa. Kisha akafungua kitu kimoja kidogo, akakisafisha kwa mswaki wake wa zamani, na sakafu ikapata moto. Nikamwambia, mwanangu wewe ni fundi. Akasema hapana, ilikuwa karibu kupona yenyewe, ni bahati tu.

Ndivyo alivyokuwa. Alichoweza kilikuwa bahati, alichoshindwa kilikuwa yeye. Akipata alama nzuri, maswali yalikuwa mepesi. Akipata mbaya, basi ameonekana alivyo. Nilimkaripia kwa hilo mara nyingi, na nilifikiri kukaripia kunatosha.

Baada ya mwaka wa kwanza akaenda jeshini kama wenzake wote wanavyokwenda, miezi kumi na minane, akarudi na mikono minene na kichwa kitupu. Hesabu zote zimemtoka. Chumba chake cha zamani kilikuwa kimechukuliwa, nikamweka namba sita. Darasani akajikuta na watoto wa miaka ishirini wanaomwita kaka, na hakuna adhabu kubwa kama kuitwa kaka na mtu anayejua usichojua. Mmoja wao alikuwa chumba namba tano hapa hapa kwangu, Ban Jae-ho, kijana mwenye mdomo ambao haujawahi kufeli mtihani wowote. Jae-ho akiulizwa somo fulani likoje, jibu lake ni moja: rahisi. Gi-tae alimsikiliza na kumwamini.

Somo lililomtesa zaidi ni lile la joto, la jinsi joto linavyogeuzwa kuwa kazi. Nilimwambia hilo hata mimi nalijua, nimesimama mbele ya jiko miaka yote hii. Akacheka, akaniandikia hesabu yake kwenye mfuko wa unga. Nikaiona ndefu, nikarudi kwenye sufuria yangu. Somo hilo lilikuwa la Profesa Seonu, na bila kulivuka huendi mwaka wa nne. Gi-tae alibandika fomula ukutani chooni, akabandika kwenye friji yangu, akabandika hata kwenye chupa ya mchuzi wa soya. Na akaniambia kitu kimoja nikikata figili, bila kuinua macho: safari hii akishindwa, hataendelea. Atarudi Namhae kwa baba yake. Fomu ya kuacha chuo alishaichukua, ilikuwa ndani ya begi lake, imebaki muhuri wa baba tu, ambao kwetu ndiyo sahihi ya mzazi.

Mtihani ulikuwa katikati ya Juni. Nyumbani kwangu kuna sheria moja wiki ya mitihani: mwani haupikwi. Supu ya mwani inateleza, na anayeila asubuhi ya mtihani huteleza nao, hilo kila mama anajua. Nikawapikia maharage na nyama, nikawapa na pipi ya ufuta inayonata, wakaondoka.

Saa saba wakarudi. Jae-ho akala bakuli mbili. Gi-tae akala vijiko vitatu, nilivihesabu, akaweka kijiko mezani.

Nikamtoa maneno mdomoni. Maswali yalikuwa matano. Amejibu mawili, la tatu nusu, mawili hakuyagusa. Tangu shule ya msingi hajawahi kuacha swali wazi, na hapa kaacha kurasa nzima. Lakini kilichomvunja moyo si maswali. Ni kalamu za wenzake. Alisema walikuwa wanaandika bila kupumzika, chumba kizima kinakwaruza, wanainua mikono kuomba karatasi za nyongeza, na yeye amekaa anatazama swali la tatu.

Sasa nieleze jambo la chuo chetu, maana asiyelijua atadhani tuna wazimu. Ukipata D, umepita kwa kutambaa, na huruhusiwi kurudia. Hiyo D itakaa kwenye cheti chako mpaka uzeeni, na kila atakayetaka kukuajiri ataiona. Ukipata F, mwaka unaofuata unarudia somo, na alama mpya inaifuta ile F kama haikuwepo. Kwa hiyo wanafunzi wetu huwaomba maprofesa F kama wakulima wanavyoomba mvua. Wanaandika chini ya karatasi ya mtihani, wanapeleka barua, wengine wanapiga magoti. Nimewaona wengi.

Nami nikaona nimtendee wema. Kama anasema ataacha, basi apewe sababu ya kurudi. Nikamwambia, "Vijiko vitatu, mwanangu, hiyo ni D. Usikubali D ikung'ang'anie maisha yako yote. Omba F, mwakani urudie."

"Wewe unaonaje, Mama mdogo? Hakuna tumaini?"

"Miaka thelathini na moja," nikamjibu, "kijiko hakijanidanganya."

Aliniamini. Mtu anayeiamini boila kuliko mikono yake mwenyewe, atakosa kumwamini mama anayempikia? Nikachana karatasi kwenye daftari langu la soko. Akaandika kwa mwandiko wake wa kunyooka: Maeng Gi-tae, namba fulani, naomba kwa heshima nipewe F. Akaipitisha chini ya mlango wa profesa. Jioni ile ile akafunga begi. Akaniambia nisiogope kumpa mtu mwingine namba sita. Akainama mara mbili, akaenda kituo cha basi, na mimi nikarudi kukosha vyombo nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Siku kumi zikapita. Jumatano Jae-ho akaingia jikoni na simu, anacheka mpaka anashika mbavu. Profesa Seonu amebandika alama mlangoni kwake, na yeye Jae-ho kapata kumi na tisa kati ya mia. Kumi na tisa! Nikamuuliza anachekea nini, basi, si alisema rahisi. Akasema anacheka kwa sababu wastani wa darasa ni ishirini na nne. Mtihani umewafyeka wote. Wa kwanza kabisa kapata hamsini na mbili.

Halafu akaacha kucheka. Akanionyesha mstari mmoja kwenye picha aliyoipiga pale mlangoni. Namba za wanafunzi huanza na mwaka walioingia, na darasa lile lote lilianza na ishirini na moja, isipokuwa mtu mmoja aliyeanza na kumi na tisa. Mtu huyo alipata arobaini na moja. Alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi sitini na wawili. Na pembeni yake, kwa wino mwekundu: F, kwa ombi lake mwenyewe.

Nilikaa chini, kwenye gunia la kabichi. Nilijichukia, sitaficha. Mdomo huponza kichwa, husema watu, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mtoto wa mwenzangu. Jae-ho akasema alama zinaweza kusahihishwa hadi Ijumaa saa sita mchana, ila mwenye alama aende mwenyewe. Nikampigia Gi-tae. Haikupokelewa. Nikampigia tena, na tena. Ndipo nikamgeukia yule mcheshi nikamuuliza kitu kilichokuwa kikinikereketa: yeye aliyepata kumi na tisa, zile karatasi za nyongeza aliandika nini? Akaona haya, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema alimwandikia profesa barua ya kuomba huruma. Alieleza afya ya bibi yake, kisha hali ya hewa, kisha nafasi ilipobaki akachora ua. Waliomzunguka walikuwa wakiandika barua pia.

Alhamisi nikafunga jiko. Nikawaambia wale vijana kuna tambi kabatini na maji bombani, nikapanda basi la asubuhi kwenda Namhae.

Nilimkuta shambani, kwenye matope hadi magotini, mashine ya kupandikiza mpunga imefunguliwa tumbo mbele yake. Vitunguu saumu vilishang'olewa, vimetundikwa kila mahali, kisiwa kizima kinanuka. Mzee Maeng alikuwa kwenye tuta, mtu mfupi mwenye kofia. Nikajitambulisha. Sikumaliza hata salamu, nikampelekea Gi-tae usoni ile picha, Jae-ho alikuwa amenitumia.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili, na adabu zake zote.

"Si yangu hiyo, Mama mdogo."

"Nani mwingine mle ndani anaanza na kumi na tisa?"

"Basi profesa amekosea kujumlisha."

Nikamwambia profesa anajumlisha tangu yeye hajazaliwa. Akasema labda yale mawili aliyojibu yalikuwa mepesi. Nikasema kama yalikuwa mepesi, mbona Jae-ho ana kumi na tisa. Akasema wenzake huenda walikuwa wanaumwa. Wote sitini? Jamani, nilitamani nimchape na kandambili. Nilikuwa nimebeba ushahidi kwa basi, na mtu anautafutia matundu kama vile alama nzuri ni kesi aliyoshitakiwa.

Baba yake akaingilia, sauti kavu. "Mimi nimeshawaambia watu umeshindwa, umerudi karakana. Unataka nionekane mwongo?"

"Hapana, baba."

"Basi kaa hapa. Huyu mama arudi na picha yake."

Nilimgeukia mzee nikiwa tayari kumpa yake. Lakini alikuwa anatoa leso mfukoni kufuta jasho, na pamoja na leso kikatoka kitu kidogo, kikaanguka kwenye tope. Muhuri wake. Gi-tae aliutazama. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba siku zote kumi mzee alikuwa akimwambia fomu ile haiwezi kugongwa muhuri, umepotea, hajui umekwenda wapi. Mzee akauokota, akaupangusa kwenye suruali, akaurudisha mfukoni, akasema mashine ile haitajifunga yenyewe. 

Nikaona sasa ndiyo nafasi. Nikamweleza Gi-tae zile kalamu zilikuwa zinaandika nini. Barua. Bibi mgonjwa. Hali ya hewa. Ua.

"Ua?" akauliza.

"Lenye majani mawili. Muulize mwenyewe."

Akasimama pale na spana mkononi. Nilimwona anarudi ndani ya kile chumba cha mtihani, anawatazama tena wale waliomzunguka, mmoja mmoja. Kicheko kikamtoka taratibu, kikaongezeka, mpaka akalazimika kuegemea mashine. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Arobaini na moja?"

"Arobaini na moja."

Akaifunga ile mashine kwanza, akaiwasha, ikaunguruma. Halafu ndipo akaenda kuosha miguu.

Ijumaa saa tatu tulikuwa mlangoni kwa Profesa Seonu. Mzee huyu ana nyusi nene na ofisi isiyo na mahali pa kukalia kwa sababu ya vitabu. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mwenye karatasi. Hakuelewa, lakini hakunifukuza. Akavuta droo, ndani yake mlikuwa na vikaratasi vya muhula huo, kumi na vinne alisema, akachambua akatoa kile changu cha daftari la soko, na nyuma yake bado pameandikwa kabichi sita, chumvi.

"Unajua kwa nini nilikupa ulichoomba?" akamuuliza Gi-tae. "Siku moja utaweka sahihi kwenye mchoro wa mtambo, na watu watasimama karibu na mtambo huo. Mhandisi akiniandikia jambo na kuweka jina lake, nachukulia kwamba amepima. Ulipima?"

"Hapana, profesa."

"Ulitumia nini?"

Gi-tae hakunitazama. Akasema, "Nilikisia." Alinisitiri. Masikio yangu yaliwaka moto, na sikuweza kuvumilia, nikasema kwa sauti kwamba hakukisia, tulipima kwa kijiko, na kijiko kilikuwa changu. Profesa akanitazama, akatazama saa yake, akaamua kutouliza.

Akampa chaki. Akamwambia amalizie swali la tatu, lile la nusu. Gi-tae akaanza, mgongo kwetu. Ilichukua dakika ishirini hivi. Mahali pamoja akasimama, akarudi mistari mitatu nyuma, akafuta alama ya kutoa akaweka ya kujumlisha, hakuna aliyemwambia, akaendelea mpaka chini. Profesa hakusifu. Akamrudishia kile kikaratasi, akasema aandike chini ya ombi la kwanza ombi la pili, analotaka sasa, na aweke jina.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ubaoni hakusita vile. Kalamu ilisimama juu ya karatasi, ikashuka, ikapanda. Nilijua anatafuta herufi ya katikati, isiyomuudhi mtu, B labda, au C. Nilitaka kumtajia. Nikauma ulimi, na wanaonijua watawaambia hilo si jambo dogo. Mwishowe akaandika: Naomba alama niliyoipata. Maeng Gi-tae.

Profesa akasoma, akaandika A, akageuza kompyuta atuonyeshe. Gi-tae akainama akaanza kusema asante sana, ni bahati, na yule mzee akainua nyusi zake zote mbili. Neno la bahati likaishia pale pale.

Sasa mtadhani kijana aligeuka simba. Wapi. Muhula uliofuata alikuwa yule yule, masikio yale yale, fomula kwenye friji yangu. Mabadiliko niliyoyaona ni madogo: akitoka mtihanini alikuwa anakaa mezani na karatasi, anapitia swali moja moja, hili nimelijua, hili nusu, hili sikulijua, anajumlisha, anaandika namba, ndipo anakula. Mimi kijiko nimekiacha. Vijana wakija kuniuliza wamekulaje, nawaambia wamekula.

Desemba ikafika na mitihani yake. Tarehe kumi na sita, siku ya mtihani wa mwendo wa maji mabombani, ilikuwa pia siku yake ya kuzaliwa. Na siku ya kuzaliwa, kwetu mtu hunywa supu ya mwani, haikosi. Miaka iliyotangulia niliisogeza hadi mitihani iishe, na hakuna aliyelalamika. Asubuhi ile Gi-tae akaja jikoni kabla ya wengine, akasimama mlangoni akasema anaomba supu yake.

Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia kesho. Nikamwambia hata mama yake mzazi hatakubali, nimpigie simu sasa hivi nimuulize. Alinisubiri nimalize.

"Mama mdogo," akasema, "nikishindwa leo, nitakuwa nimeshindwa kwa nisichokijua. Supu haina kosa."

Niliuloweka mwani ule. Nikaukaanga na nyama na mafuta ya ufuta, nikatia maji, nikafunika. Harufu ilipotoka, Jae-ho akaja, akachungulia sufuria, akahamisha kiti chake na bakuli lake hadi mwisho wa meza, na wenzake wakamfuata, wakabanana kule kama kuku. Gi-tae akakaa peke yake upande huu. Akanywa bakuli zima, akaomba la pili, akalimaliza na mwani wa chini. Akafuta mdomo, akachukua begi, akaenda.

Mtihani huo alipata B. Nilipoiona nilitaka kulia, nikaanza kuilaani ile supu, lakini alinionyesha karatasi aliyoandika mezani kwangu siku ile, kabla hajala chakula cha mchana. Alikuwa ameandika namba yake chini: sabini na mbili. Chuo kilimpa sabini na moja.